Valvu gani iingie kwenye amplifaya ya mseto? Swali hili liliulizwa kwanza na watu wa redio za magari

Mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu programu zinazokataa kufanya kazi saa nane usiku. Leo tuiache tarakilishi kando, tushike chuma cha kuchomelea risasi.

Nimekuwa nikijenga amplifaya ya mseto nyumbani. Kwa nini naiita mseto? Kwa sababu mbele ina valvu na nyuma ina transista. (Valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka kidogo ndani ya redio za babu zetu. Wamarekani huziita tyubu, lakini msizichanganye na tyubu ya baiskeli!) Saketi nilikuwa nayo, transista nilikuwa nazo, na umeme niliutoa kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta iliyokufa, ambacho hutoa volti 12 safi kabisa. Kilichobaki kilikuwa kuchagua valvu.

Basi nikafanya kile ambacho waandishi wa programu hufanya wakichagua chombo cha kazi: nikachukua ile yenye jina kubwa. ECC83, ambayo Marekani huitwa 12AX7. Iko kwenye karibu kila amplifaya ya gitaa iliyosifiwa duniani. Niliiagiza ng'ambo, nikalipa pesa ambazo mke wangu hadi leo hajaambiwa hesabu yake kamili, nikaichomeka, nikawasha. Valvu ikawaka rangi ya chungwa, ikapendeza macho. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya kukwaruza, kama mtu anayeimba ndani ya debe.

Sasa ngoja niwaambie jambo linaloniuma. Wiki mbili kabla ya hapo, mzee mmoja jirani yetu, fundi wa redio na runinga aliyestaafu, alikuwa ameniita bandani kwake akanionyesha mkebe wa maziwa ya unga uliojaa valvu. Alizing'oa moja moja kutoka runinga mbovu kwa miaka mingi. Nikasoma majina: PCC88, PCF80, PCL82, PL84. Nikamwambia, "Mzee, hizi si za muziki, hizi ni za runinga." Akacheka. "Kijana wangu," akasema, "valvu haijui inapitisha muziki ama picha." Nikaaga, nikarudi nyumbani kuagiza yangu ya jina kubwa.

Kosa langu halikuwa la saketi. Lilikuwa la kutojua kila valvu ilizaliwa kufanya kazi gani, na hilo ni suala la historia. Kwa hivyo twende huko.

Mwanzo wake wengi mnaujua, nitaupita mbio. Thomas Edison aliona miaka ya 1880 kwamba umeme unaweza kuruka ndani ya balbu kutoka kwenye waya wa moto hadi kwenye kipande kingine cha chuma, bila kuguswa. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming akalitumia jambo hilo kutengeneza valvu ya kwanza, iliyopitisha umeme upande mmoja tu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaanza kutia kiungo cha tatu katikati, na kiungo hicho kikawa gridi. Volti kidogo kwenye gridi hutawala mkondo wote unaotoka kathodi kwenda anodi. Hapo ndipo ukuzaji wa sauti ulipozaliwa, na kufikia 1915 mtu aliye New York aliweza kuongea kwa simu na mtu aliye San Francisco kwa sababu valvu ziliwekwa njiani kuipa sauti nguvu.

Kinachotuhusu hasa ni kanuni iliyoandikwa miaka michache kabla ya simu hiyo. Clement Child mwaka 1911 na Irving Langmuir mwaka 1913 walionyesha kwamba mkondo ndani ya chupa tupu haupandi sambamba na volti. Hupanda kwa volti iliyopigwa kipeo cha moja na nusu. Hebu tufanye hesabu. ECC83 hupimwa kiwandani kwa volti 250 kwenye anodi. Mimi niliipa 12. Volti zimepungua mara 21 hivi, lakini kwa kanuni hiyo mkondo hupungua karibu mara 95! Valvu ambayo kwa volti 250 ilipitisha miliampea 1.2 tu, utaipunguza mara 95 ibaki na nini?

Kuna hesabu nyingine rahisi zaidi, na hii natamani ningeijua mapema. Chukua volti za anodi, gawanya kwa namba ya ukuzaji ya valvu. Unapata, kwa makadirio, nafasi ambayo gridi inayo kabla valvu haijazimika kabisa. ECC83 hukuza mara 100. 12 gawanya 100 ni 0.12. Wimbo unaotoka kwenye kompyuta yangu hupanda na kushuka kwa zaidi ya volti moja. Yaani nilikuwa najaribu kupitisha lori kwenye tundu la sindano. Na juu ya hapo, gridi ikishafika karibu nusu volti na kathodi huanza kunyonya mkondo yenyewe, jambo ambalo huharibu sauti zaidi. Debe lile nililolisikia lilikuwa halali yangu.

Sasa, kwa nini mtu atake mseto? Valvu hupenda volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali spika ya omu 8 hutaka kinyume chake. Amplifaya ya valvu tupu huwapatanisha kwa transfoma kubwa ya chuma na shaba, na hiyo transfoma ndiyo hula pesa zote. Transista haina shida hiyo, husukuma mkondo moja kwa moja. Kwa hivyo valvu ikuze volti, transista isukume spika. Watu wengi hudhani wazo hili lilibuniwa na wapenzi wa muziki waliotaka "joto" la valvu kwa bei nafuu. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe mseto uliouzwa kwa wingi kabla ya wao ulikuwa ndani ya magari ya Marekani, na sababu yake haikuwa ladha ya muziki hata kidogo. Ilikuwa betri.

Redio ya gari ilikuwa kichwa cha kuuma tangu mwanzo. Galvin wa Chicago walipoanza kuuza redio yao ya gari mwaka 1930 kwa jina la Motorola, magari yalikuwa na betri ya volti 6, na valvu zilitaka volti mia na zaidi. Redio za mwanzo zilibebewa betri kavu za ziada ambazo zikiisha zilitupwa. Kisha kikaja kitetemeshi: kijichuma chembamba ndani ya kopo, kinachofungua na kufunga mawasiliano ya umeme zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Kilikatakata umeme wa betri ili transfoma iweze kuupandisha. Kilifanya kazi, ndiyo, lakini kilivuma kama nyuki na ncha zake zikaungua. Kwa miaka zaidi ya ishirini kila redio ya gari ilikuwa na hicho kidude kinachojiua taratibu.

Katikati ya miaka ya 1950 mambo mawili yalikutana. La kwanza, magari ya Marekani yalihama kutoka volti 6 kwenda 12, kwa kuwa injini kubwa zilihitaji starta yenye nguvu. La pili, transista iliyozaliwa katika maabara za Bell mwezi Desemba 1947 ilikuwa imekua. Transista kubwa za jerimani sasa ziliweza kusukuma spika ya gari moja kwa moja kutoka volti 12. Tatizo ni kwamba transista hizo hizo kubwa zilikuwa nzito wa miguu: sauti ziliiweza, lakini mawimbi ya redio yenyewe yaliyotoka kwenye antena yalizishinda. Zilizoyaweza zilikuwa ghali. Philco na Chrysler walitangaza mwaka 1955 redio ya gari ya transista tupu, na mteja aliongezewa dola 150 kwenye bei ya gari. Miaka hiyo hizo zilikuwa pesa nyingi.

Kwa hivyo wahandisi wengine wakasema: tuweke transista pale kwenye spika, penye kazi ya kubeba, na valvu zibaki mbele kunasa stesheni. Valvu ya mwisho, ile ya kusukuma spika, ndiyo iliyokuwa mlaji mkuu wa volti za juu. Ikiondoka, zilizobaki hutaka mkondo mdogo tu. Lakini bado zilitaka volti nyingi! Na maadamu volti nyingi zinatakiwa, kitetemeshi hakiondoki. Isipokuwa mtu apate valvu inayoridhika na volti 12.

Mnaona? Ni swali langu lile lile. Wao hawakuchukua valvu yenye jina kubwa wakatumaini. Walitengeneza mpya.

Kampuni kama Tung-Sol zikatoa familia nzima ambayo anodi zake zilikusudiwa volti 12.6 za betri ya gari: 12AD6 ya kubadilisha mawimbi, 12AF6 ya kuyakuza, 12U7 yenye trayodi mbili, ambayo ni kama mdogo wake ECC82, na 12K5 niipendayo kuliko zote. Kazi ya 12K5 ilikuwa moja tu: kuisukuma transista kubwa, kwa kupitia transfoma ndogo. Ni valvu iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya mseto.

Ilifanyaje kazi kwa volti 12, ilhali kanuni ya Child na Langmuir haina huruma? Kwanza tuelewe mkondo hukwama wapi. Kathodi ya moto hutema elektroni nyingi mno. Zikitoka hujazana mlangoni, na kwa kuwa zote ni hasi husukuma nyuma zile zinazotaka kutoka. Fikiria matatu saa moja jioni: abiria wamejaa mlangoni, hakuna anayeshuka wala anayepanda. Anodi yenye volti 250 ina nguvu ya kuuvuta umati huo. Yenye volti 12 haina. Ndani ya 12K5 gridi ya kwanza kutoka kathodi haibebi sauti. Imeunganishwa na chanya ya betri, na kazi yake ni ile ya makanga: inasimama pale mlangoni na kuwavuta watu watoke. Wengi wanaishia mikononi mwake, lakini wengine hupita katikati ya nyaya zake kwa kasi na kuendelea kwenye gridi ya sauti na anodi.

Wazo lenyewe halikuwa geni, lilijulikana tangu enzi za Langmuir. Liliachwa kwa sababu ya upotevu, kwani gridi hiyo ya makanga hula mkondo mara kadhaa kuliko ule unaofika kwenye anodi. Lakini ndani ya gari nani anajali? Betri ya gari ina ampea za kumwaga, kinachokosekana ni volti. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Walichimbua wazo lililozeeka kwa sababu kasoro yake, kwenye mazingira yao, haikuwa kasoro.

Delco Radio, tawi la General Motors lililokuwa mjini Kokomo, Indiana, lilitengeneza transista zake lenyewe kwa kazi hii, na kuanzia takriban 1957 redio za mseto zikaingia magarini kwa wingi. Kitetemeshi kikaenda. Hazikudumu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 transista za mawimbi ya juu zilikuwa zimeshuka bei, na redio zikawa za transista tupu. Valvu za volti 12 zikabaki maghalani na hakuna aliyezitaka, hadi miaka ya 2000 mafundi wa nyumbani walipozifufua kwenye amplifaya ndogo za hedifoni. Ulaya nako kulikuwa na ECC86, iliyofanya kazi kuanzia volti 6.3 tu, kwa redio za FM za magari. Ni nzuri sana, na ni adimu.

Kwa hivyo kama unang'ang'ania volti 12, historia imekwisha kukuchagulia: 12U7, 12K5 au ECC86. (Zikague miguu yake kwenye karatasi ya kiwanda kabla ya kuchomeka, usidhani zote zinafanana.) Wengi hutumia ECC82 kwa volti 12 na hupata sauti inayosikilizika. Sishangai, hukuza mara 17 tu, na 12 gawanya 17 ni 0.7, bora mara sita kuliko aibu yangu ya 0.12. Lakini ni valvu yenye njaa, na ukipandisha sauti njaa hiyo utaisikia.

Mimi niliamua kupandisha volti, na hapo ndipo nilipokumbuka mkebe wa mzee.

Jina PCC88 si fumbo. Kwa mfumo wa Ulaya herufi ya kwanza ni hita: E ni ya volti 6.3, P ni ya miliampea 300. C ni trayodi, CC ni mbili ndani ya chupa moja. Kwa nini hita zipangwe kwa mkondo badala ya volti? Kwa sababu runinga nyingi za Ulaya hazikuwa na transfoma kubwa ya umeme. Hita zote zilifungwa mfululizo kama taa za Krismasi na kuunganishwa na umeme wa nyumba, na vitu vilivyo mfululizo sharti vile mkondo sawa. PCC88 basi ni ECC88 iliyovaa hita ya runinga. Huhitaji volti 7 badala ya 6.3, basi.

Na ECC88 yenyewe ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mlango wa runinga, pale antena inapoingia. Trayodi zake mbili zilifanya kazi moja juu ya nyingine, zikigawana volti 180 hivi. 180 gawanya mbili ni ngapi? 90! Ndiyo maana karatasi yake ya kiwanda huipima kwa volti 90 na si 250 kama wenzake. Ili inase picha dhaifu, gridi yake ilisukwa kwa waya mwembamba sana uliokazwa kwenye fremu ngumu, karibu mno na kathodi. Matokeo yake ni kwamba volti moja kwenye gridi hubadilisha mkondo kwa miliampea 12.5. Ya ECC83 ni 1.6. Tektronix waliitumia sana kwenye osiloskopu zao, Warusi wakatengeneza ya kwao inayokaribiana nayo, 6N23P, na wapenzi wa muziki walikuja baadaye kabisa.

Ukuzaji wake ni mara 33. 90 gawanya 33 ni 2.7. Wimbo wangu unapita na nafasi inabaki.

Nikajenga ugavi wa volti 150. Rezista ya kilo-omu 10 hula 60 kwa mkondo wa miliampea 6, anodi inabaki na 90. Hita mbili mfululizo hutaka volti 14. Na nawasihi, volti 150 za DC si mchezo. Zinaua. Kapasita hubaki na umeme hata ukizima, kwa hivyo zifungie rezista ya kuzimwaga, pima kabla ya kugusa, na mkono mmoja uwe mfukoni. Asiyezoea abaki na 12U7.

Nilirudi kwa mzee Jumamosi moja nikiwa na unga na sukari, na aibu pia. Banda lilikuwa limefagiwa. Kijana wake alikuwa ameuza kila kitu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwezi uliopita, mkebe pamoja na vilivyomo. Kenya ilianza kurusha matangazo ya runinga mwaka 1962, na valvu kutoka seti za miaka ile ya kwanza zilikuwa mle ndani. Mzee hakunikemea. Alifungua droo ya meza, akatafuta chini ya bisibisi, akatoa kikaratasi kilichofungwa na uzi. Ndani mlikuwa na PCC88 mbili. "Hizi nilizipima zikawa nzima," akasema. "Nilijua utarudi."

Zinafanya kazi zote mbili. Ya kushoto ukiigonga kwa kalamu spika hulia "ting", ugonjwa wa kawaida wa gridi zilizosukwa karibu hivyo, na ikipata joto hutulia. Nimeishikilia kwa pete mbili za mpira zinazostahimili moto. Sauti ni safi, besi imenyooka, na ile ECC83 ya gharama imekaa kwenye rafu ikinitazama. Wenye mikebe ya namna ile kwa wazazi wao, tafadhali fungueni mtazame herufi kabla mnunuzi wa vyuma hajapita.